UZI: Wale wanaozamia uchafu wetu pale Ruzizi, nani aliwahi kuwaambia asante?

Mtoto wa Ibanda (mwanzisha uzi)

Bandugu, jambo. Leo sitaki siasa, tafadhali. Nataka tuongee juu ya watu wanaotufanyia kazi kila siku, na sisi tunawakumbuka tu siku moto (umeme) umekatika au robine (bomba la maji) imekauka.

Naanza na Ruzizi kwa sababu ndiyo iko karibu na nyumba yetu. Umeme wa Bukavu, huku mashariki ya Kongo, tunautegemea kutoka barrage (bwawa la umeme) ya Ruzizi ya kwanza, ile iliyojengwa mwisho wa miaka ya 1950, chini kidogo ya pale mto unapoachana na ziwa. Sasa fungua ramani. Ziwa Kivu lina urefu wa karibu kilomita 90, na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, Ruzizi. Kwa hiyo chupa iliyotupwa kwenye mto Kahuwa pale Kadutu, sashe (mfuko wa plastiki) iliyopeperuka kwenye boti la Idjwi, kandambili iliyompotea mtoto kule Minova, vyote visipokwama ufukweni safari yao inaishia mbele ya mashine zinazotupa moto.

Na pale kuna watu. Kuna wanaovuta uchafu unaoelea na kuupakia. Lakini uchafu wote hauelei. Ule uliojaa maji na matope unazama, unajibandika kwenye vyuma vya kuchuja huko chini, na hapo hakuna njia nyingine: wanashuka wapiga mbizi. Mtu anavaa nguo ya kuzamia, anaingia kwenye maji ambamo hata mkono wake haoni, anang'oa chupa zetu na nepi za watoto wetu. Akipanda, kesho kazi inaanza upya, maana usiku kucha sisi huku juu hatukulala bila kutupa.

Asante zetu zote ni za moto kurudi. Ukirudi, mtaa mzima unapiga kelele "Eeeh!" mpaka watoto wanaamka. Moto ambao haukukatika, nani aliupigia kelele? Fundi aliyezuia kitu kisiharibike hana siku yake ya kusifiwa. Mimi naona hiyo si haki, na ndiyo maana nimefungua uzi huu. Kila mtu aseme anamjua nani: wa maji, wa barabara, wa kanivo (mfereji), wa uchafu, wa hospitali. Kazi yenyewe inafanywaje, tusiishie kwenye "Mungu awabariki" tu.

---

Bidoni Tupu

Mkubwa, nakuheshimu, lakini analipwa. Mimi nauza viatu Nyawera, hakuna mtu anayeniandikia uzi. Mteja akinilipa tumemalizana.

---

Mtoto wa Ibanda

Unauza viatu, mteja asipopenda anaenda kwa jirani yako. Mpiga mbizi wa Ruzizi akikataa kushuka, wewe utaenda kununua mto mwingine wapi? Ndiyo tofauti. Halafu hilo la "analipwa", subiri wenyewe waje waseme wanalipwaje na lini.

---

Bidoni Tupu

Sawa, nasubiri. Niko na kiti.

---

Injenya Mstaafu

Wanangu, salamu. Mimi nilifanya kazi ya umeme maisha yangu yote, sasa nafuga sungura. Ngoja niwaeleze kitu kimoja ambacho watu wa mjini hawakijui, halafu mnaweza kuendelea kugombana.

Mbele ya kila turbine, mashine inayozungushwa na maji, kuna ukuta wa vyuma vilivyosimama wima, vimeachana nafasi ndogo. Maji yanapita katikati, takataka inabaki. Takataka ikijaa, maji upande wa ndani yanashuka, upande wa nje yanabaki juu. Kuna mtu wa zamu anayeangalia tofauti hiyo ya vimo viwili mchana na usiku. Ikizidi, lazima apunguze mzigo wa mashine, la sivyo itaanza kutetemeka na kujiumiza yenyewe. Huyo wa zamu ya usiku hamtamwona kamwe. Kazi yake ni kutazama mistari na kuandika kwenye daftari.

Sasa fikirini uzito wa maji yanayosukuma kuelekea kwenye vile vyuma. Mpiga mbizi akikaribia wakati mashine inavuta, maji yanambandika kwenye chuma kama sashe, na hakuna kaka yake atakayeweza kumvuta. Kwa hiyo kabla hajashuka, mashine inasimamishwa, mlango wa maji unafungwa, na pale kwenye swichi inawekwa kufuli. Kufuli hiyo haifunguliwi mpaka aliyeshuka awe amepanda, ameonekana kwa macho na amehesabiwa. Mkubwa gani atapiga simu, gavana gani ana wageni, hilo halimhusu aliyeshika funguo.

Mnanielewa? Delestaji (mgao wa umeme) nyingine mnayoitukana saa nane za mchana ni mtu yuko ndani ya maji. Mashine imenyamaza ili yeye apande mzima.

Na Ruzizi ya kwanza si barrage kubwa. Mashine zote zikizunguka vizuri ni karibu megawati 30. Mwanzoni mwa 2023 mashine moja iliharibika kwa sababu ya uchafu huo huo, zikapotea megawati 6 na kitu. Toa sita kwenye thelathini halafu ugawie mji uliokua mara nyingi kuliko ulivyopangwa. Hesabu ya darasa la nne.

---

Mwana wa Cahi

Mzee, hilo la mtu kuwa majini sikulijua. Miaka yote nilidhani wanatuzimia ili wauze moto kwingine.

---

Injenya Mstaafu

Mwanangu, sikusema kila delestaji ni mpiga mbizi. Nyingine ni waya umechoka, nyingine ni transfoma imebeba nyumba mara tatu ya uwezo wake kwa sababu mtaa wenu mmejiunganishia wenyewe usiku. Na nyingine sitaki kuzieleza hapa, nina umri.

---

Tembo Mweusi

Naona uzi wa umeme. Mazembe wanacheza saa ngapi?

---

Mtoto wa Ibanda

Ndugu, uzi wa mpira uko chini. Usituharibie.

---

Mama Furaha

Jambo kwenu bote. Miye niko mwenye kubeba uchafu. Napita mu manyumba, nachukua mifuko, nabeba mugongoni, napeleka kule gari inaweza kufika. Musome polepole, niliandikisha mutoto wangu lakini maneno ni yangu.

Papa Mtoto wa Ibanda umesema vizuri, lakini uko Ibanda. Kule gari inafika kwa mulango. Panda basi uje Nyamugo, uje Cahi, uone nyumba zimekaa moja juu ya kichwa cha ingine. Njia ni ngazi ya udongo. Mvua ikinyesha hata mbuzi anateleza. Gari haitafika kule hata serikali inunue mia. Mutu ambaye hana fasi ya kutupa, na mutoto anaharisha, na kanivo iko nyuma ya nyumba, atafanya nini? Si kwamba hana akili. Hana fasi.

Sasa miye naingia hapo. Kuna manyumba tunapatana kila mwezi wanipe kitu kidogo. Wengine wanatoa vizuri, Mungu awaangalie. Wengine nikifika mwisho wa mwezi mama iko, lakini mutoto anatumwa kusema "Mama ametoka." Nasikia harufu ya sombe (kisamvu) yake. Nasema sawa, nitarudi kesho. Nikirudi kesho uchafu umeongezeka na pesa haijafika.

Mnauliza asante. Asante yangu iko hivi: usichanganye chupa iliyovunjika na majivu ya makala (makaa), ilinikata mkono na mkono ukavimba. Majivu ya moto usiweke mu mufuko, yanatoboa, yananimwagikia mugongoni. Nepi ifunge. Mufuko ukiwa na maji ya chakula unakuwa muzito mara mbili na sisi tunabeba na shingo. Na ukikutana na miye njiani usifunge pua mbele ya watoto wako. Ule ni uchafu wako, si wangu.

---

Mwalimu wa Bagira

Mama Furaha, nimesoma mara mbili. Hiyo sentensi ya mwisho nitaipeleka darasani.

---

Bidoni Tupu

Mama, samahani kwa yote uliyopitia. Lakini niulize kwa heshima: hao wote hawako kama wewe. Kuna aliyekuja kwetu na ngazi begani, akakata waya, na mtu wa pili akasimama pembeni akasema "tunaweza kuelewana". Huyo naye nimwandikie asante? Mimi ndiyo maana roho yangu imekuwa ngumu. Vazi moja, watu wawili tofauti.

---

Injenya Mstaafu

Swali lako ni la haki, sitalikwepa. Wako. Nilifanya kazi nao. Lakini angalia vizuri nani anatumwa kwenye mlango wako. Anayepandisha bei, anayechelewesha vifaa, anayeandika fakture (bili) ya moto ambao hukuupata, hao wote wana ofisi yenye mlango na mlinzi. Anayebisha kwako na ngazi ni wa chini kabisa, na ndiye anatukanwa kwa niaba ya wote. Nilimwona kijana akimwagiwa maji ya kuoshea vyombo kwa sababu ya karatasi ambayo hakuiandika yeye.

Kwa yule wa "tunaweza kuelewana": mkatalie, chukua jina, nenda ofisini na mashahidi. Kumkataa huyo ni njia ya kumheshimu mwenzake anayepanda nguzo kwenye mvua bila kuomba kitu. Mkimlipa wa kwanza, wa pili anaonekana mjinga nyumbani kwake.

---

Bidoni Tupu

Hapo umenishika, Mzee. Si mahali pote, lakini hapo umenishika.

---

Chukudu2 (Goma)

Watu wa Bukavu, nyie mnalalamika lakini Mungu aliwapa mlima. Maji yenu mengi yanateremka yenyewe kutoka Murhundu, upande wa Kabare. Sisi Goma maji yako chini ziwani, watu wako juu. Kila bidoni (dumu) unayokunywa Goma ya robine, kuna pampu iliyoisukuma. Pampu ikikosa umeme, ziwa liko pale unaliona linang'aa na robine inapiga upepo tu.

Januari 2025 mlisikia. Mapigano yalipofika mjini, umeme ulikatika, pampu zikanyamaza, mji mzima ukateremka ufukweni na bidoni za njano. Wakubwa, watoto, wagonjwa, wote pale pale, wengine wakifua nguo pembeni. Na kipindupindu kwetu hakihitaji mwaliko. Sitaingia kwenye nani alimpiga nani, mwanzisha uzi amekataza na amefanya vizuri. Nataka kuongea juu ya wale waliorudi kutengeneza laini na kuwasha pampu huku maiti bado zilikuwa barabarani. Fundi wa laini hana silaha. Ana koleo na kamba. Na lazima aende pale pale waya ulipokatika, haruhusiwi kuchagua mtaa wenye amani.

Kuna wengine ambao hawatajwi kabisa: wale wanaokaa ufukweni na chupa ya klorini. Unajaza bidoni, unapita kwake, anapima na sirinji, anaweka, anakwambia subiri nusu saa kabla ya kunywa. Jua linampiga, watu wanamsukuma, wengine wanamwambia dawa yake inatoa watu uzazi. Anajibu kwa upole, anaweka kwenye bidoni inayofuata. Sijui mishahara yao ikoje, ila uvumilivu wao niliuona.

---

Mwana wa Cahi

Na mawe yenu je? Nasikia kuchimba bomba Goma ni vita.

---

Chukudu2

Ni vita. Goma tumekaa juu ya lava. Ile ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na chini yake kuna ya zamani zaidi. Kufukia bomba unapasua mwamba kwa nyundo na patasi, unasogea kwa kidole. Ndiyo maana mahali pengi bomba liko juu juu, na gari likipita linalipasua. Fundi anakuja anaziba, wiki ijayo gari lingine.

Halafu tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo, mlima wetu wa moto, ikarudi. Safari hii lava ilisimama kabla ya kufika katikati ya mji, lakini ilipita juu ya bomba kubwa la maji na kuharibu tangi upande wa kaskazini. Watu karibu nusu milioni wakabaki bila maji. Unajua walifanya nini mafundi? Mwamba ulikuwa bado unatoa moshi. Ukichimba unakuta moto. Wakapitisha bomba juu ya lava yenyewe. Mimi nilienda kuangalia kwa ushamba wangu, soli za viatu zikaanza kunuka.

Halafu mtu anafungua robine anasema "haya maji leo yana rangi gani?" Pole sana, mfalme.

---

Mwalimu wa Bagira

"Pole sana, mfalme." Nimecheka peke yangu, mke wangu ananitazama.

Mimi niwalete kwenye barabara. Wazee wetu wanakumbuka kantonye. Kila kantonye alikuwa na kipande chake cha barabara, jembe lake na toroli. Kabla ya mvua ya Septemba alikuwa ameshafungua mifereji yote. Barabara inaliwa na maji. Magari yanakuja kumalizia tu. Mfereji ukiziba, maji yanapanda njiani, yanatafuta njia yao, na mwaka mmoja tu unatosha kuzaa korongo. Hapa Bukavu korongo linapozaliwa juu, nyumba zinaanguka chini. Tumezika watu kwa sababu ya mfereji ambao hakuna aliyeufungua. Mvua ilinyesha kama miaka yote.

Kwa hiyo mtu anayeshika jembe kwenye kanivo mwezi wa nane, wakati jua liko na hakuna tone, huyo anaokoa watu ambao hawatajua kwamba walikuwa wafe. Mtoto wa Ibanda amesema vizuri pale juu, sina haja ya kurudia.

Leo makampuni na mashirika yanawapa vijana kazi ya muda, wanavaa jile (vizibao) za rangi ya machungwa, wanafanya kwa mradi. Mradi ukiisha, jile inabaki nyumbani, kanivo inajaa. Hapo ndipo mimi nina ugomvi. Kazi ya kutunza haina mwisho kama mradi. Kufungua barabara mpya kuna utepe, mkasi na picha ya waziri. Kufagia mfereji huo huo mara ya mia hakuna utepe. Wafadhili nao ni hivyo hivyo, wanapenda kujenga. Nimeona vyanzo vya maji vilivyojengwa vizuri kabisa, vimeandikwa majina ya watoaji kwenye saruji, na havina hata mtu mmoja aliyepewa franga za kununua raba ya robine.

---

Lushois wa Katuba

Jambo sana wa Kivu. Huku Lubumbashi siye tuko na shida yetu. Mwajua ile laini ya moto inatoka barrage ya Inga, mbali magharibi, inaenda mpaka Kolwezi? Kilomita 1,700 na zaidi, iliisha kujengwa mwanzo wa miaka ya 1980. Inapita pori, mto, pori. Na watu wakaanza kuiba vyuma vya nguzo zake. Wanafungua kimoja kimoja, wanauza kwa kilo. Nguzo inabaki imesimama kwa mazoea, mpaka upepo unakuja.

Sasa kuna watu kazi yao ni kutembea chini ya laini hiyo, nguzo kwa nguzo, wakihesabu vyuma. Wanalala porini. Wakikuta nguzo imeliwa miguu wanaweka vyuma vingine na bolti zisizofunguka. Mtu wa mitaa yetu ya Kenya au Kamalondo akiona moto umeenda anawasha mbabula (jiko la makaa) yake, anamlaani mtu wa hapa mjini. Hajui kwamba mbali kule mtu mwingine yuko juu ya nguzo, na pengine chuma chenyewe kiko kwenye kitanda cha jirani.

Bidoni Tupu, uliuliza juu ya wezi wenye vazi. Siye huku tunauliza pia juu ya wezi wasio na vazi. Tuko wengi.

---

Bidoni Tupu

Kitanda chetu ni cha mbao, angalia kwingine 😂

---

Kando ya Mulongwe (Uvira)

Wa Bukavu, naomba nafasi. Mto wenu ndio unaishia kwetu, unaingia ziwa Tanganyika hapa katikati ya Uvira na Bujumbura. Moto wetu pia unatoka Ruzizi hiyo hiyo. Kwa hiyo chupa ya Kadutu ikisimamisha mashine, Uvira tunakaa gizani bila kujua kosa letu.

Mimi nataka kusema juu ya Aprili 2020. Mulongwe, mto wetu, ilitoka njia yake, ikabeba nyumba, ikabeba watu. Ilipiga pia pale maji ya mji yanaposafishwa. Mji ukabaki na matope kila mahali na hakuna maji ya kuoshea matope hayo. Na Uvira kipindupindu ni mwenyeji kila mwaka. Waliorudi kwanza kutoa mawe kwenye mitambo walikuwa wafanyakazi wa maji, na wengine nyumba zao wenyewe zilikuwa zimeenda. Mmoja ni jirani yangu. Mke na watoto walikuwa kanisani wamelala kwenye benchi, yeye alikuwa ndani ya mitambo mpaka kiunoni kwa matope. Nilimuuliza baadaye, papa, ulifikiriaje? Akaniambia, "Pale kanisani nao walikuwa wanangoja maji." Akaendelea kula.

---

Mama Furaha

Huyo papa nimemupenda.

---

Mwana wa Cahi

Sasa tufanye kitu. Tunaweza kuchanga, tununue glavu na mabuti, tuwapelekee wale wa Ruzizi. Mimi naanza na dola tano.

---

Mtoto wa Ibanda

Niko ndani. Sabuni pia, na maziwa, nasikia maziwa yanasafisha kifua.

---

Injenya Mstaafu

Maziwa hayasafishi kifua, mwanangu. Ni imani ya watu. Mkiwa na pesa ya maziwa nunueni sabuni.

Na msiende pale langoni na mifuko yenu. Barrage ni mahali panalindwa, mtarudishwa na pengine mtaulizwa maswali usiku kucha. Glavu za mpiga mbizi pia si zile za sokoni. Kama kweli mnataka kumpunguzia mtu kazi, uchafu uzuieni ukiwa bado nchi kavu. Ukishaingia ziwani, hata mkichanga dola elfu moja, bado kuna mtu atashuka kuutafuta kwa mikono. Ule mliozuia Kahuwa au Wesha, huo hatashukia.

Sheria iko, kwa taarifa yenu. Amri ya mwisho wa 2017 ilikataza sashe nchi nzima. Nendeni soko lolote mhesabu mikono isiyo na sashe.

---

Mwana wa Cahi

Mzee umetuvunja moyo kidogo lakini sawa. Basi tufanye salongo (usafi wa pamoja) yetu Jumamosi. Kahuwa, kuanzia daraja kuteremka.

---

Mama Furaha

Hapana, si kuteremka. Muanzie juu. Mukianza chini, kila kitu mutatoa saa mbili, saa ine kitakuwa kimerudi kutoka juu. Miye najua, nafanya kila siku. Muanzie kule fasi maji bado madogo, muweke uzio mbili za fito na waya wa chandarua ya zamani, ya kwanza juu, ya pili karibu na daraja. Waya usibane sana, maji yakizidi yataibeba.

Na mukishatoa, mutaweka wapi? Musiache kwa kando, mvua ya jioni itarudisha. Mutafute gari mbele ya kutafuta jembe.

---

Mwalimu wa Bagira

Mama Furaha ndiye injenya wa uzi huu. Nakubali: juu kwanza, gari kwanza. Nina wanafunzi wa mwaka wa tano na wa sita, wazazi wakikubali nitakuja nao, wakubwa tu, wadogo hapana kwa sababu ya chupa zilizovunjika. Tuna majembe ya shule sita, makoleo mawili. Glavu hatuna.

---

Bidoni Tupu

Glavu mimi. Najua mtu anauza zile nene za ujenzi kwa bei ya jumla. Nitaleta na viatu vya plastiki vilivyobaki dukani, namba 40 kwenda juu, watu watanirudishia baada ya kazi. Nimesema WATANIRUDISHIA.

---

Mtoto wa Ibanda

Gari natafuta mimi, kuna binamu mwenye daihatsu ya mchanga. Atataka mafuta tu.

Mama Furaha, na wewe na wenzako? Siku hiyo mnapoteza manyumba yenu ya Jumamosi. Tutawalipa kama siku ya kazi, si kama wageni wa salongo. Mko wangapi, na kwa siku mnapata ngapi? Niandikie pembeni kama hutaki hapa.

---

Mama Furaha

Tuko wane. Naandika hapa hapa, sina aibu. Lakini kwanza yule mama wa sombe amelipa leo asubuhi. Mutoto wake anasoma uzi huu.

---

Mwana wa Cahi

😂😂😂

---

Mtoto wa Ibanda

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumamosi, juu kabisa, kabla ya jua. Mwenye fito na chandarua ya zamani aseme sasa. Bado tunahitaji waya, na mtu wa kupika uji.